Chai Yaenda Mombasa, Maji Yaenda Ziwani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana mjini Kericho. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

   Dada zangu kule nyuma, msogee kidogo, sauti yangu si ya muadhini.

Kila siku lori zinatoka hapa na chai, zinashuka mpaka mnada wa Mombasa, na kutoka Mombasa chai inavuka bahari. Hiyo safari tunaijua, hata mtoto wa darasa la pili atakueleza. Lakini kuna kitu kingine kinachotoka hapa kila siku na hakuna anayekipima kwa mizani. Maji yanayopita chini ya zile chai yanaelekea upande mwingine kabisa. Yanaenda magharibi. Na yanapokwenda hayaendi peke yake, yanabeba vitu vyetu.

Hebu tuchore ramani kidogo kichwani. Msitu wa Mau ndio tangi letu. Kutoka Mau upande wa kusini magharibi inateremka Itare, Kiptiget, Chemosit, Kipsonoi. Inakusanyana, inakuwa Mto Sondu, inapita Sondu mjini pale mpakani, na inaingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Winam. Nyinyi wa Bomet msidhani mmesalimika. Nyangores inapita Silibwet na Bomet mjini, Amala iko ng'ambo, zikikutana zinakuwa Mto Mara. Huo Mara watu wanaokuja na ndege kutoka Ulaya kuona nyumbu wakivuka, maji yake yametoka kwa shamba la mjomba wako. Unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unamwagika ziwani upande wa Musoma, Tanzania. Kilomita karibu mia nne.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya pwani na maji machafu, namwambia sisi tuna pwani mbili. Moja iko Nyakach kwa wavuvi wa Winam, nyingine iko Musoma. Hatujawahi kuziona wengi wetu, lakini kila mvua ikinyesha hapa tunazitumia zawadi.

Zawadi gani? Wengi mkisikia uchafuzi mnafikiria kiwanda, bomba kubwa linatapika maji meusi mtoni. Bomba la namna hiyo likiwepo ni rahisi kulishughulikia, kwa sababu lina mwenyewe. Unapiga picha, unamtaja, kesi imeanza. Kazi ngumu ni ule uchafu usio na bomba. Mvua inapiga kwenye kilima, maji yanatiririka juu ya udongo, yanapita shambani, yanapita kwa zizi, yanapita gereji, yanapita nyuma ya jikoni, na kila mahali yanachukua kidogo. Ukimuuliza kila mmoja atasema, "Mimi? Mimi nimemwaga kikombe tu." Na ni kweli, kila mmoja kamwaga kikombe. Lakini Kericho ni mahali mvua inanyesha karibu kila alasiri ya mwaka. Vikombe vyote vinafika.

Tuanze na mbolea, manake hiyo ndiyo kubwa yetu. Ile gunia ya chai inayoandikwa 26:5:5, kila mwenye shamba hapa anaijua. Zile namba si mapambo. Ishirini na sita ni nitrojeni kwa mia. Gunia la kilo 50 lina kilo 13 za nitrojeni. Chai inapenda nitrojeni, ndiyo inatoa jani. Lakini duniani kwa jumla, mazao yanachukua karibu nusu tu ya nitrojeni inayowekwa shambani. Ile nyingine inapotea: sehemu inapanda hewani, sehemu inashuka na maji. Sasa wewe umechukua mbolea kwa mkopo, itakatwa kwa bonasi yako, halafu umeirusha siku ambayo wingu limeshakuwa jeusi juu ya kilima kwa sababu umeharakisha kumaliza. Saa kumi mvua kubwa imepiga. Umelipa mbolea ya magugu ya Winam. Mimi hili naona linauma mfuko kabla halijauma samaki, na ndiyo sababu nalitaja kwanza.

Ikifika ziwani inafanya nini? Inafanya kazi ileile iliyofanya shambani: inakuza mimea. Ni mbolea, haijui kama imehama. Inakuza mwani, maji yanakuwa kijani kama rangi ya ukuta, na aina nyingine ya huo mwani inatoa sumu inayodhuru ini la mtu na la ng'ombe. Inalisha magugu maji, yale yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya themanini na kufikia miaka ya tisini yakawa yamefunika Winam mpaka mashua zinakwama ufukweni. Mvuvi anaamka asubuhi, ziwa limefungwa. Halafu ule mwani na yale magugu yakifa yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni ndani ya maji. Samaki hana pa kukimbilia.

Niseme haki hapa. Si Kericho na Bomet peke yetu. Kuna maji taka ya miji ya kando ya ziwa, kuna mashamba ya miwa, kuna vumbi na moshi wa kuchoma mashamba ambao unaangukia ziwani kutoka angani na kuleta virutubisho vingi sana. Mtu asiwadanganye kwamba sisi tukiacha, Winam itakuwa safi kesho. Lakini pia mtu asiwadanganye kwamba sehemu yetu ni ndogo kiasi cha kutohesabiwa.

Na upande wa Mara mnakumbuka Machi 2022? Upande wa Tanzania, maeneo ya Rorya na Butiama, watu waliona maji yamekuwa meusi, yananuka, samaki wanaelea wamekufa. Serikali yao, kupitia Waziri Selemani Jafo, iliunda kamati. Kamati ikarudi na jibu: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza oksijeni. Mitandaoni watu walicheka sana. Wengi walikataa, wakasema wanafichwa kitu. Mimi ugomvi wao siingilii. Ninachowaambia ni kwamba njia yenyewe, ya uchafu wa kawaida kumaliza hewa ya mto, si hadithi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi kuhusu viboko wa Mto Mara, upande huu wetu. Viboko zaidi ya elfu nne, kinyesi chao kinajaa kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, mvua ikija inakisukuma chote kwa mara moja chini ya mto, oksijeni inaanguka, samaki wanakufa. Hao ni viboko, wako pale tangu zama. Sasa juu ya kiboko ongeza ng'ombe, ongeza choo cha shimo kilichojaa, ongeza mbolea, ongeza sabuni. Halafu punguza msitu unaoshika maji wakati wa kiangazi. Mto una kiasi chake.

Dawa za kuua magugu. Chai yenyewe kwa kweli haipuliziwi dawa nyingi za wadudu, na hiyo ni sifa nzuri ya chai ya Kenya, tusiiharibu. Lakini magugu yanapigwa. Glaifoseti inauzwa kila duka la kilimo. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mashirika mengine yamebishana nalo mpaka leo. Hiyo dawa inashikana na udongo. Watu wanasikia hivyo wanafurahi, ati haiendi popote. Ndugu yangu, udongo wenyewe unaenda! Umeona Kipsonoi ikiwa imefurika? Ile rangi ya chai ya maziwa si maziwa. Ni shamba la mtu linasafiri, na kilichoshikana nalo kinasafiri pia.

Na kijana anayepulizia mara nyingi ni mmoja wetu. Kibarua cha siku. Hana glavu, buti hana, amejifunga leso puani. Akimaliza anashuka mtoni kuosha pampu ya mgongoni kwa sababu maji yako pale. Anaosha pampu, anaosha mikono, anaosha uso. Mita mia chini yake kuna mama anateka maji ya kupikia. Huyo kijana usimgombeze kwanza. Aliyempa kibarua ndiye alipaswa kumpa glavu, na kumpa debe la maji la kuoshea pampu hukohuko shambani, yale maji ya kuoshea yarudi kwenye pampu yapuliziwe shambani. Ile chupa tupu ioshwe mara tatu, itobolewe isitumike tena. Nimeona kwa macho yangu chupa ya namna hiyo imewekwa mafuta ya kupikia. Usicheke, ni chupa nzuri, ina kifuniko kizuri. Ndiyo shida.

Dawa ya kupe nayo. Zamani kulikuwa na josho la kijiji, sasa wengi tunapulizia ng'ombe nyumbani, na wengine wanampeleka kando ya kijito. Zile dawa za jamii ya pairethroidi zinamsumbua ng'ombe kidogo sana, lakini kwa samaki ni kali mno, kiasi kidogo tu kinamaliza. Mpulizie ng'ombe juu, mbali na maji, kwenye nyasi. Ni hatua hamsini za kutembea. Ng'ombe hatakuuliza kwa nini.

Halafu kuna sisi wa mjini. Dionosoyiet inapita hapahapa Kericho. Wakati mwingine natembea kando yake najiuliza hao samaki, kama wapo, wanaishije. Omo, jik, maji ya saluni, oili chafu ya gereji, betri za zamani. Sabuni ya unga inaondoa mafuta kwenye shati, si ndio? Sasa samaki ana ute unaolinda mashavu yake anayopumulia, na sabuni inauondoa vilevile. Haina ubaguzi.

Wenzangu wa boda boda, najua mmeanza kunitazama vibaya. Sijaja kufunga sehemu ya kuoshea pikipiki pale darajani. Najua kuna vijana wanalipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo, na yule anayewaambia waache bila kuwapa njia nyingine hajawahi kulipa kodi ya nyumba. Ninachosema ni: hameni kutoka mtoni. Chote wala si mbali. Kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2006 zilisema ukingo wa mto ni mita sita kwa uchache mpaka mita thelathini kila upande, kuanzia pale mafuriko makubwa yalipowahi kufika, hapo hairuhusiwi kulima wala kuendeleza chochote. Mkae nje ya huo mstari. Maji myavute kwa mpira. Chimbeni shimo, chini kokoto, juu mchanga, maji ya sabuni yachujike humo badala ya kwenda moja kwa moja. Oili chafu msimwage, wekeni kwenye mtungi, ina wanunuzi. Hiyo ni hela mnamwaga.

Nataka nikae kidogo kwa jambo moja ambalo naona halisemwi, na lina mtoto ndani yake. Hapa wengi wetu hatunywi maji ya bomba. Tunakunywa ya chemchemi, na chemchemi iko chini ya kilima, na juu ya kilima kuna chai. Ile nitrojeni inayoshuka ndani ya udongo inageuka nitrati. Nitrati haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanang'aa kabisa. WHO imeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, na sababu kubwa ni watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi sita akitengenezewa maziwa ya unga kwa maji yenye nitrati nyingi, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni, anaanza kuwa na rangi ya bluu midomoni na kwenye kucha. Mama atafikiria ni baridi ya Kericho.

Na hapa ndipo wengi wanakosea: kuchemsha maji hakutoi nitrati. Kuchemsha kunaua vijidudu, na endeleeni kuchemsha, kipindupindu na homa ya matumbo si mchezo. Lakini nitrati inabaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Kitambaa cha kuchuja hakiiondoi, dawa ya klorini haiiondoi. Dawa yake ni kuizuia isifike kwenye chemchemi, au kupata maji mengine ya yule mtoto. Maziwa ya mama hayana shida hiyo. Mwenye mtoto mchanga anyonyeshe, hilo ni jibu la bure. Na chemchemi zipimwe. Kuna vikaratasi vya kupimia, unachovya, unasubiri, unalinganisha rangi. Si maabara, lakini vinakwambia ni chemchemi ipi ya kupeleka maabara kwanza.

Tena tusimwachie mkulima mdogo mzigo wote. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 43 kinataja maji safi na salama ya kutosha. Na kifungu cha 70 kina utamu ambao wengi hawaujui: ukienda mahakamani kwa sababu haki hiyo inavunjwa au iko karibu kuvunjwa, huhitaji kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Huhitaji kusubiri mtoto awe bluu. Kifungu cha 35 na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari zinakupa nguvu ya kuandika barua na kuuliza: maji ya mto huu yalipimwa lini, yalionyesha nini? Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Sisi kuna ofisi moja tuliiandikia, siitaji, ikatwambia barua imepotea. Tukapeleka nyingine na nakala iliyopigwa muhuri. Hiyo haikupotea. Kwa hiyo kila barua, nakala mbili na muhuri. Andikeni hilo.

Mnasema kesi za mazingira haziendi popote. Waulizeni watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga risasi kwenye mtaa wao, watoto wakaingiwa na sumu ile damuni. Phyllis Omido na wakazi wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikawapa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Hawakuchoka, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni miaka mingi mno, na wengine waliugua wakisubiri, sitawapamba. Lakini walishinda kwa sababu walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo, na tarehe. Kelele peke yake haingewafikisha pale.

Basi vipimo na tarehe ndio kazi yetu. Mimi sitaki maandamano mwezi huu. Maandamano tunajua kuyafanya, watu wa kuja wapo. Nataka daftari. Kila kundi lichukue kijito kimoja, si mto mzima, kijito. Mtembee kutoka chemchemi mpaka kinapoingia mtoni. Mwandike: hapa kunalimwa mpaka kwenye maji, hapa kuna blugam zimepandwa ukingoni, hapa pampu zinaoshwa, hapa barabara ya lori inamwaga tope. Picha iwe na tarehe na mahali. Msimtukane mtu, msiingie shamba la mtu bila hodi. Mkikuta ukingo una matete au mianzi na maji yametulia safi, mpige picha hiyo pia, kwa sababu ndiyo tutakayowaonyesha wazee tukiwaomba wapande.

Nyumbani kwenu, mwenye chai: matawi mnayopogoa acheni yabaki chini ya mistari badala ya kubebwa yote kuwa kuni, yanashika udongo. Chai iliyofunga haipotezi udongo sana. Ile changa na ile iliyopogolewa juzi ndiyo inamwaga. Mbolea irushwe udongo ukiwa na unyevu, sio dhoruba ikiwa mlangoni, na mistari ile ya mwisho karibu na kijito iacheni bila.

Siku ya Mara, tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania wanaiadhimisha pamoja kila mwaka. Hotuba zitakuwa nyingi, kofia na fulana zitagawiwa. Mimi ningependa sisi tufike na daftari tatu za vijito vya Nyangores na tuziweke mezani mbele ya maafisa wa NEMA, wa mamlaka ya maji na wa kaunti, watie saini kwamba wamezipokea.

Nimezidisha muda, mtaniwia radhi. Vikaratasi vya kupimia tunavyo pakiti mbili tu, kwa hiyo tunaanza na chemchemi ambazo zina watoto wachanga wengi karibu. Dada zetu mnawajua hao kina mama kuliko sisi, orodha itoke kwenu. Wale wa Silibwet kaeni upande huu, wa Sotik upande ule, wa mjini mnibakie mimi na Dionosoyiet. Mje na chupa safi, kalamu, na viatu vya tope. Tukishaswali adhuhuri tunagawana vijito.